Mageuzi ya usimamizi wa maafa serikalini: tuanze na muundo wa taasisi au na fedha?

Msomasheria (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo kila baada ya mafuriko, tetemeko la ardhi au ukame mkubwa huzungumzwa kwa hasira kwa wiki kadhaa, kisha likasahaulika hadi maafa mengine yatokee. Jambo lenyewe ni namna serikali kuu inavyopaswa kupanga upya kazi yake ya kuokoa watu, kugawa misaada na kuwarudisha waathirika katika maisha yao.

Nimepitia sheria na ripoti za nchi kadhaa, na naona mapendekezo ya mageuzi yanajirudia kwa sura mbili. Wapo wanaosema kwamba ofisi ya maafa ni dhaifu kwa sababu imefichwa ndani ya wizara, haina bajeti yake wala uwezo wa kuziamuru wizara nyingine, na kwa hiyo iundwe mamlaka kamili inayowajibika moja kwa moja kwa mkuu wa serikali. Wapo pia wanaosema kwamba serikali kuu yenyewe ndiyo tatizo: inachelewa kufika, haiyajui maeneo, na hupeleka misaada pale penye waandishi wa habari, kwa hiyo fedha na madaraka vishushwe mikoani na kwenye halmashauri, wizara zibaki kuwa wasaidizi tu.

Hoja zote mbili zina ushahidi wake, na hapo ndipo ninapokwama. Kama bunge lingekuwa na nafasi ya kurekebisha jambo moja au mawili tu kwanza, lianze wapi? Je, chombo kinachogawa mahema na chakula ndicho pia kikabidhiwe ujenzi wa nyumba na barabara miaka mitatu baadaye? Na fedha za dharura zilindwe vipi dhidi ya wizi bila kuwekewa taratibu ndefu kiasi kwamba zinafika wakati watu wameshazikwa? Ningependa majibu yenye mifano iliyokwisha kupimwa na maafa halisi, maana nadharia ninazo za kutosha.

---

Karani wa Zamani

Ndugu Msomasheria, tuutazame kwanza mfano wa Marekani, kwa sababu ndio unaotajwa kuliko yote na ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Shirika lao la dharura, FEMA, liliundwa mwaka 1979 chini ya Rais Jimmy Carter kwa kukusanya ofisi nyingi zilizokuwa zimetawanyika serikalini. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida mwaka 1992, shirika hilo lilionekana halifai hata kidogo, na wapo wanasiasa waliotaka livunjwe. Mwaka uliofuata akateuliwa James Lee Witt, ambaye alikuwa amesimamia dharura katika jimbo la Arkansas, na kwa miaka michache shirika lile lile, likitumia kwa sehemu kubwa sheria ile ile ya misaada ya maafa ya mwaka 1988, likaanza kusifiwa. Kufikia mwaka 1996 mkuu wake alikuwa anakaa katika Baraza la Mawaziri. Mwaka 2003 likahamishiwa ndani ya Wizara mpya ya Usalama wa Ndani, ambayo hofu yake kubwa ilikuwa ugaidi. Miaka miwili baadaye Kimbunga Katrina kikaiaibisha serikali nzima mbele ya dunia.

Baada ya hapo wengi walidai shirika litolewe ndani ya wizara hiyo. Bunge lilikataa. Sheria ya mageuzi ya mwaka 2006 ililiacha mahali pale pale, lakini ikabadilisha mambo ambayo kwa maoni yangu yana uzito kuliko anwani ya ofisi. Mkuu wa shirika sharti awe na ujuzi uliothibitika wa kusimamia dharura, asiwe rafiki wa chama aliyetafutiwa cheo. Wakati wa janga anaweza kumshauri rais moja kwa moja. Na la tatu, ambalo ndilo ninalolipa uzito zaidi, shirika liliruhusiwa kutanguliza watu na vifaa kabla jimbo halijaandika ombi rasmi.

Linganisha na Japani. Kimbunga cha Ghuba ya Ise mwaka 1959 kiliua watu zaidi ya 5,000, na mwaka 1961 ikatungwa sheria ya msingi ya kukabiliana na maafa. Sheria hiyo inaweka jukumu la kwanza kwa manispaa, kisha mkoa, kisha taifa. Meya ndiye mwenye uwezo wa kuwaelekeza watu wahame. Huko juu kuna baraza linaloongozwa na Waziri Mkuu mwenyewe, na serikali inalazimika kuwasilisha bungeni kila mwaka taarifa ya hatua ilizochukua kuhusu maafa, yawe yametokea au hayakutokea. Kwa muda mrefu utaratibu huo wa kutoka chini kwenda juu ulionekana kukamilika. Kisha ikaja tsunami ya Machi 2011. Katika mji wa Otsuchi jengo la halmashauri lilifunikwa na tsunami, na meya akafariki pamoja na watumishi wake wengi. Mkoa uliokuwa ukisubiri taarifa na maombi kutoka mji kama huo ulikuwa unasubiri barua kutoka kwa watu ambao hawapo. Mwaka 2012 sheria ikarekebishwa ili taifa na mkoa waweze kupeleka mahitaji bila kuombwa, na utaratibu huo ukatumika katika tetemeko la Kumamoto mwaka 2016.

Tazama basi: nchi mbili zenye mifumo inayopingana, moja ya shirikisho na nyingine ya serikali moja, zimepigwa na maafa tofauti, na zote zikaishia kurekebisha kifungu kile kile, yaani kifungu cha kusubiri ombi. Ningekuwa mwandishi wa muswada, hapo ndipo ningeanzia. Muundo wa taasisi ningeuweka baadaye, tena kwa maneno machache. Kila serikali mpya hupenda kubadilisha nembo na milango, na kila mabadiliko ya aina hiyo hula mwaka mzima wa kazi ya watumishi wanaojua ghala liko wapi na funguo anazo nani.

---

Mhasibu wa Umma

Nakubaliana na Karani kuhusu kusubiri ombi, ila nina shaka kama ruhusa ya kutangulia ina maana yoyote ikiwa hakuna fedha zilizotangulia. Mkono mtupu haulambwi. Katika nchi nyingi fedha za maafa hupatikana kwa njia moja tu: maafa hutokea, waziri hutangaza, hazina hukata mafungu ya wizara nyingine, wafadhili huitwa mkutanoni, na baada ya miezi kadhaa sehemu ndogo ya ahadi huingia benki. Mfumo huo unaitwa wa dharura, lakini kwa hakika ni mfumo wa kuombaomba.

Mageuzi ya kweli ni kuamua kabla ya tukio nani atalipa, atalipa kiasi gani, na kwa ishara ipi. Wataalamu wa fedha hupanga jambo hili kwa tabaka, na mantiki yake ni rahisi. Maafa madogo yanayotokea karibu kila mwaka yalipiwe na akiba iliyomo ndani ya bajeti, kwa sababu kuyakatia bima ni kumlipa mtu mwingine gharama unayojua itakuja. Yale ya kati yalipiwe na mkopo uliokwisha kusainiwa ukasubiri. Kosta Rika ilifungua mkopo wa namna hiyo na Benki ya Dunia mwaka 2008, na tetemeko la Januari 2009 likaukuta upo tayari. Yale makubwa yanayokuja mara moja kwa kizazi ndiyo ya bima, kwa sababu akiba ya kuyatosha ingelala bure miaka mingi huku shule zikikosa madawati.

Kuhusu akiba, mfano mzuri na wa kusikitisha ni Meksiko. Mfuko wao wa maafa, FONDEN, ulianzishwa mwaka 1996, na sheria ya bajeti ilitaka utengewe kila mwaka sehemu isiyopungua asilimia 0.4 ya bajeti ya shirikisho pamoja na mifuko mingine midogo ya aina yake. Fedha zilitoka kwa kanuni zilizoandikwa: kipimo cha mvua au cha tetemeko kikithibitishwa, kamati ya taifa na jimbo inatathmini uharibifu, na malipo yanaanza. Watafiti waliolinganisha mwanga wa usiku kwenye picha za satelaiti walikuta kwamba manispaa zilizovuka kidogo kizingiti cha mfuko zilirudisha shughuli zao za kiuchumi vizuri kuliko zilizokikosa kidogo. Lakini mfuko huo pia ulikuwa na urasimu, na ulituhumiwa kwa ufisadi na usiri. Mwaka 2020 wabunge wakaufuta pamoja na mifuko mingine zaidi ya mia moja. Kimbunga Otis kilipoivunja Acapulco mwezi Oktoba 2023, fedha za ujenzi zilitegemea uamuzi wa serikali wa wakati ule, si kanuni ambazo meya yeyote angeweza kuzisoma mwezi mmoja kabla. Mfuko mbovu hukarabatiwa. Kuuvunja kwa sababu una wezi ni kuwaacha wezi na kuwaadhibu wenye nyumba.

Ufilipino nao wana jambo la kujifunza. Zamani mgao wa maafa wa serikali za mitaa uliguswa tu baada ya hali ya maafa kutangazwa, na kwa hiyo sheria yenyewe ilikuwa inamkataza meya kujenga mfereji kabla ya mafuriko. Sheria yao ya mwaka 2010 inazitaka serikali za mitaa zitenge angalau asilimia 5 ya mapato yao, na kati ya hizo asilimia 30 zibaki kwa hatua za haraka, huku zilizobaki ziruhusiwe kutumika kwa kinga na maandalizi. Udhaifu wake unaonekana bila kutafuta: asilimia 5 ya manispaa maskini ni kidogo mno, na manispaa maskini ndiyo inayokaa penye hatari. Pasipo kapu la taifa la kufidia pengo hilo, kugatua ni kugawana umaskini.

Bima nayo isiabudiwe. Haiti ilipopata tetemeko la mwaka 2010, mfuko wa bima wa nchi za Karibi uliilipa takribani dola milioni 7.75 ndani ya wiki mbili. Haraka, ndiyo, lakini tone ukilinganisha na hasara. Na Malawi ilikata bima ya ukame kwa chombo cha Umoja wa Afrika, ukame wa msimu wa 2015/16 ukaja, watu zaidi ya milioni 6 wakahitaji chakula, lakini modeli ya kompyuta ikasema malipo hayastahili. Uchunguzi ulionyesha kwamba modeli ilidhani wakulima wanapanda mahindi yanayochukua muda mrefu kukomaa, wakati wengi walikwisha kuhamia mbegu za muda mfupi. Kiasi cha dola milioni 8 kikalipwa hatimaye mapema mwaka 2017, msimu mwingine ukiwa umeshaanza. Kwa hiyo anayesaini mkataba wa bima kwa niaba ya taifa awe amekaa na maafisa ugani kabla ya kukaa na madalali.

---

Mlinzi wa Pwani

Mhasibu amesema mengi ya kweli, lakini mjadala unaelekea kusahau kwamba vifo vimepungua zaidi mahali ambapo mageuzi yalianzia kwa watu wa chini, tena kwa gharama ndogo. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo ambalo sasa ni Bangladeshi. Mwaka 1972 serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu wakaanzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga unaotegemea watu wa kujitolea wa vijiji vya pwani, wenye vipaza sauti, bendera na redio. Kimbunga cha mwaka 1991 bado kiliua watu takriban 138,000, jambo lililosukuma ujenzi wa majengo ya kujikinga. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kiliua takriban 3,400. Huko Odisha, India, kimbunga cha mwaka 1999 kiliua karibu watu 10,000, jimbo likaunda mamlaka yake mwaka huo huo, miaka kadhaa kabla ya sheria ya taifa ya 2005. Kimbunga Phailin kilipofika mwaka 2013, watu karibu milioni moja walikuwa wamekwisha kuhamishwa na vifo havikufika mia.

Hakuna kati ya hayo kilichohitaji shirika kubwa jipya katika mji mkuu. Kilihitaji mtu anayejulikana kijijini, aliyepewa mafunzo kila mwaka, na watu wanaomwamini anapowaambia wahame usiku. Bajeti ya kazi hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa mwaka usipokuwa na kimbunga.

---

Mhasibu wa Umma

Ndugu Mlinzi, hapo hatupingani kuhusu vimbunga. Ukame ni mnyama mwingine. Ukame hauna usiku mmoja wa kuhama. Unaingia taratibu kwa miezi, kila mtu akiuona, na kila ofisi ikingoja ofisi nyingine itamke. Maonyo kuhusu Pembe ya Afrika yalikuwa yanatolewa tangu nusu ya pili ya mwaka 2010, njaa ikatangazwa nchini Somalia Julai 2011, na makadirio yaliyofanywa baadaye ni kwamba watu wapatao 260,000 walifariki, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tahadhari ilikuwepo. Kilichokosekana ni kanuni inayosema kwamba malisho yakishuka chini ya kiwango fulani, kiasi fulani cha fedha kinatoka bila kikao.

Upande wa pili wa mpaka Ethiopia ilikuwa na mpango wake wa hifadhi ya jamii ulioanza mwaka 2005, wenye orodha ya kaya, njia ya kuzilipa, na akiba ya dharura ndani yake. Mwaka 2011 mpango huo uliongeza watu milioni 3.1 kwa muda na kuwarefushia msaada wengine. Sisemi haukuwa na kasoro. Nasema orodha na njia ya malipo vilikuwepo kabla ya njaa, na hilo ni jambo la bajeti ya taifa; vipaza sauti vya kijijini havilitoshi.

---

Msomasheria (mleta mada)

Nashukuru sana. Naona tumeelekea kukubaliana kwamba mamlaka ya kutangulia na fedha za kutangulia ni kitu kimoja chenye pande mbili. Sasa naomba turudi kwenye maswali yangu mawili yaliyobaki, kwa sababu yote tuliyosema hadi sasa yanahusu wiki za mwanzo. Nani asimamie urejeshaji, na je, apewe chombo cha kudumu au cha muda? Na ukaguzi wa fedha ufanyike lini?

---

Mpimaji Ardhi

Nimekuwa nikisoma kimya, ila swali la urejeshaji linanigusa kikazi. Ugawaji wa misaada na urejeshaji ni kazi mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza inahitaji amri, malori na ghala. Makosa yake husahihishwa kesho yake. Ya pili inahitaji ramani, mikataba, mahakama na uvumilivu, na makosa yake hukaa ardhini miaka hamsini. Ukiikabidhi ya pili kwa chombo cha kwanza, kitaigeuza kuwa ugawaji wa vitu: nyumba za mfano mmoja, zilizopangwa kwa mistari, mbali na kazi za watu.

Kuhusu muda, Indonesia ilifanya jambo ambalo bado naliona kuwa bora. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 iliunda mwezi Aprili 2005 wakala maalumu wa kuijenga upya Aceh na Nias, mkuu wake Kuntoro Mangkusubroto akiwa na cheo cha waziri, ofisi zake zikiwa Banda Aceh kwenyewe wala si Jakarta, na muda wake ukiwa umewekwa ndani ya sheria. Mwanzoni ulikusudiwa hasa kuratibu. Mashirika mengi yalipochelewa kujenga, nao ukaingia kujenga. Ukafungwa mwezi Aprili 2009 kama ilivyoandikwa, nyumba zaidi ya 130,000 zikiwa zimejengwa na wadau mbalimbali. Linganisha na tume ya Haiti baada ya 2010, iliyoongozwa kwa pamoja na Waziri Mkuu Jean-Max Bellerive na Bill Clinton. Muda wake wa miezi 18 uliisha Oktoba 2011, haukuongezwa, na maamuzi mengi yalibaki hewani kwa sababu chombo hakikuwa na mizizi ndani ya wizara zilizopaswa kuyapokea. Halafu kuna upande wa tatu: mamlaka ya ujenzi ya Pakistani iliyoundwa baada ya tetemeko la 2005, ambayo ilifanya kazi nzuri ya kuwalipa wenye nyumba kwa awamu, kila awamu ikisubiri mkaguzi athibitishe kwamba msingi na kuta zinahimili tetemeko, lakini ikaendelea kuwepo zaidi ya miaka kumi, wakati kazi yake ilikuwa ya muda.

Mimi ningechagua chombo cha muda, chenye tarehe ya kufa, na ningeongeza sharti kwamba miezi kumi na miwili ya mwisho iwe ya kukabidhi: ramani, mikataba, madeni, kesi zilizoko mahakamani na watumishi watakaobaki. Tarehe bila makabidhiano ni Haiti. Makabidhiano bila tarehe ni Pakistani.

Lakini nikiruhusiwa kutaja kifungu kimoja tu ambacho sheria nyingi za maafa hazina, ni cha uthibitisho wa umiliki. Fedha za kujenga nyumba kwa kawaida hulipwa kwa mwenye hati. Sasa fikiri ni nani hana hati: aliyerithi bila mirathi kufunguliwa, mjane anayeishi katika nyumba iliyoandikwa jina la shemeji, familia zilizojenga kidogo kidogo kwenye kiwanja cha ukoo, na mpangaji, ambaye hata akiwa na mkataba hatambuliki kama mtu aliyepoteza makazi. Baada ya Kimbunga Maria cha mwaka 2017, maelfu ya kaya za Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, zilinyimwa msaada wa shirikisho kwa kukosa hati za namna hiyo, na mwaka 2021 FEMA ikalegeza masharti na kukubali tamko la maandishi la mwenye nyumba mwenyewe. Aceh walikuwa wepesi zaidi: jamii zenyewe zilichora mipaka upya, majirani wakashuhudia, na mamlaka ya ardhi ikaandikisha. Sheria inaweza kusema mapema kwamba ushahidi wa majirani na bili ya maji au umeme vinatosha kwa malipo ya nyumba, hata kama havitoshi kwa kuuza kiwanja. Kwa kifungu hicho kimoja utakuwa umewaokoa wengi, na hakigharimu hazina shilingi ya ziada.

Nalo suala la kuwahamisha watu liangaliwe. Baada ya tetemeko la Kobe la 1995, nyumba za muda zilitolewa zaidi kwa bahati nasibu na kipaumbele kwa wazee, kwa nia njema kabisa. Matokeo yake ni kwamba majirani walitawanywa, wazee wakakaa miongoni mwa wasiowajua, na baadhi wakafa peke yao bila mtu kugundua kwa siku nyingi. Mwaka 2011 baadhi ya manispaa za Japani zilijitahidi kuwahamisha watu kwa makundi ya mitaa yao. Usawa wa bahati nasibu humridhisha mkaguzi, lakini humnyang'anya mwathirika kile pekee kilichobaki.

---

Mhasibu wa Umma

Mpimaji ananichokoza na wakaguzi, basi nijibu swali la ukaguzi. Kosa lililozoeleka ni kudhani kuna kuchagua kati ya kasi na uangalifu. Udhibiti unaochelewesha ni ule wa kabla ya kila malipo: saini saba, zabuni ya siku 30, kamati isiyo na akidi. Huo unaweza kupunguzwa kwa kufanya ununuzi kabla ya maafa. Serikali inaweza kutangaza zabuni ya mahema, malori, maji na mafuta wakati wa utulivu, ikakubaliana bei na wazabuni watatu au wanne kila kanda, kisha siku ya tukio ikatoa oda tu. Ukinunua hema siku ya mafuriko, bei anaipanga muuzaji.

Kinachobaki ni ukaguzi wakati fedha zinatumika. Sierra Leone walifanya hivyo katika janga la Ebola: ofisi ya ukaguzi ya taifa ilikagua matumizi ya miezi ya kwanza janga likiwa bado linaendelea, na mapema mwaka 2015 ikatangaza kwamba karibu theluthi ya fedha ilizozipitia hazikuwa na nyaraka za kutosha. Taarifa hiyo ilikera wakubwa wengi. Lakini ilitoka wakati bado kulikuwa na fedha za kuokoa na watu wa kuwauliza. Ukaguzi unaofika bungeni miaka minne baadaye hukuta mhusika amestaafu na kampuni imefutwa kwenye rejista.

Ningeandika kwenye sheria kwamba mkaguzi mkuu aingie ndani ya siku 30 tangu fedha za kwanza kutoka, atoe taarifa za muda kila robo mwaka, na kwamba orodha ya mikataba yote ichapishwe pamoja na majina ya wazabuni, bei na mahali. Majina ya waathirika yasichapishwe. Idadi yao kwa kila kata ichapishwe, ili mkazi aweze kuhesabu mwenyewe.

---

Msomasheria (mleta mada)

Nimepata nilichotafuta. Rasimu nitakayoipendekeza itaanza na vifungu viwili, kimoja cha kutangulia bila kuombwa na kimoja cha fedha zinazotoka kwa kipimo, kisha ifuate sehemu ya urejeshaji yenye chombo cha muda, makabidhiano na uthibitisho wa umiliki. Muundo wa ofisi ya taifa nitauacha ulivyo, isipokuwa sifa za mkuu wake. Swali dogo la mwisho kwa Karani: nani atamke kwamba kipimo kimefikiwa? Nikimpa waziri, siasa inarudi kwa mlango wa nyuma.

---

Karani wa Zamani

Mpe mkuu wa idara ya hali ya hewa kwa mvua, vimbunga na ukame, na mkuu wa taasisi ya jiolojia kwa matetemeko na volkano, kila mmoja kwa data zake mwenyewe, na azitangaze hadharani saa ile ile anapompelekea waziri. Waziri abaki na uwezo wa kuongeza: anaweza kutoa fedha hata kipimo kisipofikiwa, kwa kuwa vituo vya kupimia mvua ni vichache na modeli hukosea, kama Mhasibu alivyoeleza kuhusu Malawi. Uwezo wa kuzuia asiwe nao. Na katika kifungu hicho hicho weka fungu la kuvitunza vituo hivyo, kwa sababu kipimo kisicho na betri hakitatamka chochote, na utajikuta umerudi kwa waziri.